Kampuni ikianguka, ardhi inarudi kwa nani? Jibu kwa msomaji wa Mbagala

Msomaji mmoja anayeishi Mbagala Rangi Tatu ameniandikia barua ndefu, ambayo naifupisha hapa kwa ridhaa yake. Mama yake mzazi analima eka sita katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kilwa: eka mbili za ufuta, eka moja na nusu ya muhogo, mikorosho ya kuhesabika, na sehemu iliyobaki ameilaza ipumzike. Miezi miwili iliyopita kampuni ilifika kijijini ikiomba hekta 1,800 za kupanda mbono na nyonyo, ili mbegu zake zikamuliwe mafuta ya kuendeshea ndege. Imeahidi ajira, kisima kirefu na kumaliziwa kwa jengo la zahanati. Na kwa wanakijiji watakaolima wenyewe pembeni ya shamba lake, imeahidi kununua mbegu ya mbono kwa shilingi 300 kwa kilo. Kaka zake wawili wanataka mkutano mkuu wa kijiji ukubali. Mama hataki, lakini akiulizwa sababu husema tu, "Lile pori tunalitumia." Msomaji anauliza: je, kilimo cha mazao ya nishati kimewaacha vipi watu wa vijijini mahali pengine, na yeye akienda nyumbani amwambie nini mama yake?

Dada yangu, naanza na jibu lenyewe kwa kuwa umesema mkutano u karibu. Kwa yale niliyoyaona katika miaka yangu ya kazi ya uchumi wa kilimo, madhara makubwa ya kilimo hiki hapa nchini yalitokana na ardhi ya kijiji kubadilishwa hadhi ikaingia mikononi mwa kampuni kwa miaka mingi, kisha kampuni yenyewe ikaanguka baada ya miaka michache, na kijiji kikabaki bila zao, bila mshahara na bila ardhi. Pale ambapo mkulima alibaki na shamba lake akawa anauza mbegu tu, hasara yake ilikuwa ndogo, ingawa na faida nayo ilikuwa ndogo. Kwa hiyo, kama ningekuwa mwanakijiji wa kwenu, ningeikaribisha kampuni inunue mbegu na ningekataa ichukue ardhi. Na sentensi ile ya mama yako ndiyo nzito kuliko zote katika barua yako. Nitairudia.

Haya unayoyasikia leo tumekwisha kuyapitia mara moja. Kati ya mwaka 2005 na 2009 yalikuja makampuni mengi kutoka Ulaya kutafuta ardhi ya mazao ya mafuta, na sababu zake zilikuwa mbali kabisa na vijiji vyetu. Bei ya mafuta ghafi duniani ilikuwa ikipanda mwezi hata mwezi, hadi Julai 2008 ikapita dola 147 kwa pipa. Wakati huohuo Umoja wa Ulaya ulikuwa ukitayarisha sheria, iliyopitishwa mwaka 2009, ya kuzitaka nchi wanachama zifikishe asilimia 10 ya nishati ya usafiri kutoka vyanzo jadidifu, yaani visivyokwisha, ifikapo 2020. Mwenye fedha Ulaya aliona soko lililohakikishwa kwa sheria, akatafuta ardhi ya bei nafuu, na pwani yetu ikaonekana inafaa kwa kuwa ina mvua ya wastani na iko karibu na bandari.

Zao lililopendwa lilikuwa mbono, ule ambao wengi wetu tunauita mbono kaburi kwa sababu wazee waliupanda makaburini na kuzungushia mipaka ya mashamba, maana mbuzi hawauli. Sifa hiyo hiyo ya kutoliwa na mifugo na ya kuvumilia ukame ndiyo iliyozaa ahadi kwamba mbono utatoa mafuta mengi kwenye ardhi duni bila maji na bila mbolea. Ukweli uliojitokeza shambani ni kwamba mbono huishi kwenye ardhi duni, lakini huzaa vizuri kwenye ardhi nzuri, kama mimea mingine. Unahitaji miaka mitatu hadi mitano kabla ya kutoa mavuno ya maana. Mbegu zake zina sumu, kwa hiyo mashudu yake hayafai kulishia ng'ombe wala kuku kama yalivyo mashudu ya alizeti, na mwaka ambao mnunuzi hakutokea, mkulima hawezi kuzipeleka jikoni.

Kisarawe, mwendo mfupi tu kutoka hapa Dar es Salaam, kampuni ya Sun Biofuels ya Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 zilizokuwa ardhi ya vijiji zaidi ya kumi, kwa hati ya miaka 99. Ilipanda sehemu tu ya eneo hilo. Mwaka 2011 ilikwama kifedha ikauzwa, na mamia ya wafanyakazi waliokuwa wameacha au kupunguza kilimo chao wakarudi nyumbani. Wilayani kwenu Kilwa wazee wanaikumbuka Bioshape ya Uholanzi, iliyopata takriban hekta 34,000 katika vijiji vinne vya Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti. Sehemu ya msitu wa asili ilifyekwa kabla mbono haujatoa mbegu ya kusema, kazi ikasimama 2009, na mwaka uliofuata kampuni ikafilisika. Kati ya fedha za fidia zilizolipwa, asilimia 60 zilibaki halmashauri ya wilaya na vijiji vyenye ardhi vikagawana 40. Bagamoyo nako, kampuni ya SEKAB ya Sweden ilikusudia kulima miwa ya kutengenezea ethanoli, pombe inayotumika kama mafuta ya magari, kwenye eneo la iliyokuwa ranchi ya mifugo ya Razaba. Ikaondoka mwaka 2009, mradi ukageuzwa wa sukari chini ya mwekezaji mwingine, Serikali ikaufuta mwaka 2016, na mwaka 2022 jopo la usuluhishi la kimataifa likaiamuru Tanzania imlipe mwekezaji huyo fidia ya mamilioni ya dola. Katika eneo lile mwekezaji huyo hakuwahi kusaga muwa hata mmoja.

Ukiyatazama haya matatu pamoja, utaona jambo ambalo kaka zako huenda hawajaelezwa. Makampuni haya yalianguka kwa sababu ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na bidii ya wanakijiji. Bei ya pipa iliyopita dola 147 mwezi Julai 2008 ilikuwa imeshuka chini ya dola 40 kabla mwaka haujaisha, mabenki yakakaza mikopo, na mbono ukashindwa kuzaa ilivyotabiriwa kwenye makaratasi. Mkulima wa Kisarawe angeweza kupalilia kutwa kucha na bado kampuni ingeanguka.

Sasa tuje kwenye ardhi, maana hapa ndipo kila kitu kinapoamuliwa. Sheria zetu mbili za mwaka 1999, Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5, zinaigawa ardhi yote katika makundi matatu: ardhi ya jumla, iliyo chini ya Serikali kuu, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Kampuni ya kigeni hairuhusiwi kumiliki ardhi ya kijiji. Ili ipate eneo kubwa kwa ajili ya uwekezaji, ardhi hiyo huhamishwa kwanza kutoka ardhi ya kijiji kwenda ardhi ya jumla, kisha kampuni hupewa haki ya kuitumia kupitia mamlaka ya uwekezaji. Neno "kuhamisha" linasikika jepesi mkutanoni, na mara nyingi husemwa katikati ya hotuba ndefu kuhusu kisima na zahanati, lakini maana yake ni kwamba siku ile ardhi inapohama, halmashauri ya kijiji chenu inaacha kuwa msimamizi wake. Kampuni ikifilisika, ardhi haitembei yenyewe kurudi kijijini. Hati inaweza kuuzwa pamoja na kampuni kwa mtu ambaye hamjawahi kumwona, kama ilivyotokea Kisarawe, au inabaki chini ya Serikali, na kijiji kinalazimika kuiomba upya ardhi ambayo kiliitoa chenyewe. Mjukuu wa mama yako atakuwa mzee kabla ya hati ya miaka 99 kufika mwisho.

Ndiyo sababu nimesema sentensi ya mama yako ni nzito. Nikueleze jambo moja nililoliona kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika kijiji kimoja cha mkoa wa Pwani wakati wa uthamini wa mali kwa ajili ya fidia, katika mradi ambao sitautaja jina. Mthamini alikuwa kijana mwenye adabu na mwenye haraka, na fomu yake ilikuwa na safu za mikorosho, minazi, miembe, nyumba na makaburi. Tulipofika kwenye chaka lililokuwa halijalimwa kwa misimu kadhaa, akaandika sifuri akataka tusonge mbele. Bibi mmoja aliyekuwa akitufuata kimya tangu asubuhi akasimama pale, akamwomba angoje kidogo. Akainama akaonyesha ukindu anaosukia mikeka, akaonyesha mahali uyoga unapoota masika, akavunja tawi la mti ambao maganda yake anawachemshia wajukuu wakiumwa tumbo, kisha akatupeleka hatua kama mia mbili hadi kwenye kidimbwi kinachobaki na maji hata Oktoba, wakati kisima cha kijijini kimekauka. Kuni za wiki nzima alikuwa akizitoa humo humo. Kijana alisikiliza kwa heshima, akaitazama fomu yake, na kwa kweli hakukuwa na safu ya kuandika lolote katika hayo. Ile sifuri ikabaki.

Lile chaka lilikuwa soko la bibi yule, duka lake la dawa na bomba lake la maji. Lilipofungwa kwa uzio, hakuna aliyemlipa hata senti, lakini tangu siku hiyo alianza kununua kuni, akaacha kusuka mikeka ya kuuza, na wajukuu wakawa wanatembea mbali zaidi kufuata maji. Hasara ya namna hii huwaangukia zaidi wanawake, kwa sababu wao ndio wanaotafuta maji, kuni na mboga za porini, na huko kwenu kusini ndio wanaochimba ming'oko wakati wa njaa. Na haionekani katika ripoti yoyote kwa kuwa haikuwahi kuwa na bei. Halafu kuna ardhi iliyolazwa. Mama yako akilaza zile eka zilizobaki, anazirudishia rutuba ili azilime baada ya miaka kadhaa. Mgeni anayepita na gari huziona kama ardhi isiyo na mwenyewe.

Kuhusu ajira nitakuwa mkweli kwa kaka zako, maana nao wanatafuta riziki na kilio chao ni cha haki. Ajira zinakuwepo. Katika miaka miwili ya kwanza kampuni huhitaji watu wengi wa kufyeka, kung'oa visiki, kupanda na kupalilia, na mshahara wa kibarua unaolipwa kila mwezi si kitu cha kudharau katika kijiji ambacho fedha huonekana msimu wa korosho na ufuta peke yake. Nimewaona vijana wakiezeka nyumba kwa bati kutokana na mishahara hiyo. Tatizo ni kwamba kazi nyingi ni za mwanzo. Shamba likishasimama, vibarua hupunguzwa hadi msimu wa kuvuna, na wanaobaki na ajira ya kudumu ni madereva, walinzi, wasimamizi na mafundi, ambao wengi huletwa kutoka nje ya kijiji. Pia kibarua hulipwa kwa siku zilezile ambazo shamba lake mwenyewe linahitaji kupaliliwa, kwa hiyo kaya nyingi huishia kununua chakula ambacho zamani zililima. Mshahara ukikoma ghafla katikati ya msimu, kama ilivyotokea, hakuna cha kuvuna na hakuna cha kununulia.

Sasa nihesabu nawe hiyo ahadi ya shilingi 300 kwa kilo, kwa sababu namba hizi zinaeleza mengi kuliko hotuba. Kwa mashine za kawaida za kukamulia, mbegu za mbono kilo nne hadi tano hutoa lita moja ya mafuta. Kwa bei waliyoahidi, lita moja itakuwa imekwisha kula shilingi 1,200 hadi 1,500 ya mbegu peke yake, kabla ya magunia, usafiri, kukamua, kuchuja na kuyasafisha hadi yafae injini. Dizeli hapa Dar es Salaam katika miaka ya karibuni imekuwa ikiuzwa zaidi ya shilingi 2,500 kwa lita, na sehemu kubwa ya bei hiyo ni kodi na tozo. Maana yake ni kwamba mnunuzi wa mbono hana nafasi ya kuongeza bei hata akiwa na moyo mwema, kwa sababu bei ya mbegu imefungwa kamba kwenye bei ya dizeli, na dizeli ikishuka duniani, mkulima wa Kilwa anashuka nayo. Ufuta wa mama yako, kwa upande mwingine, huuzwa mnadani kupitia chama cha msingi cha ushirika, na bei yake kwa kilo imekuwa ikizidi shilingi 2,000. Mwaka ambao mnada ni mbaya, ufuta unaweza kukamuliwa ukapikiwa nyumbani.

Na mbono hauvunwi kwa urahisi. Matunda yake hayaivi kwa pamoja. Katika kishada kimoja utakuta mabichi, ya njano na yaliyokauka meusi, hivyo mvunaji hurudia mti uleule mara nyingi kwa mkono. Kila tunda lina mbegu mbili au tatu tu ndani ya ganda. Nilikaa mara moja na akina mama wakibangua, wakipiga soga huku mikono ikienda, tangu jua lilipochomoza hadi adhuhuri, na debe la mama aliyekuwa mwepesi kuliko wote lilikuwa halijajaa. Walikuwa wanajua hesabu yao vizuri; mmoja alinieleza kwamba kazi ile anaifanya akiwa hana kazi nyingine, na siku palizi ikianza anaiacha. Nadhani hakuna mchumi angeieleza vizuri zaidi. Kule Arusha, ambako kampuni ya Diligent ilinunua mbegu kutoka kwa wakulima wadogo bila kuchukua ardhi yao, wengi walioendelea nayo ni wale waliochuma mbono wa kwenye ua, uliokuwa unasimama pale siku zote, na zile shilingi kidogo zikawa nyongeza ya haki. Aliyeng'oa mahindi yake ili apande mbono ndiye aliyejuta.

Nyonyo ni habari tofauti kidogo, na nisingependa uichanganye na mbono kwa sababu tu zimetajwa katika barua moja. Nyonyo huvunwa ndani ya mwaka huohuo, kwa hiyo mkulima akiona mnunuzi hana mwelekeo, msimu unaofuata anapanda kitu kingine, tofauti na mbono unaomfunga miaka mitano. Mafuta yake yana wateja wengine mbali na ndege: watengenezaji wa vilainishi vya mitambo, sabuni na vipodozi. Inaweza kuchanganywa na mazao mengine ikiwa nafasi itaachwa vizuri. Mbegu zake ni sumu kali sana, kali kuliko za mbono, na mwenye watoto wadogo na kuku uani anapaswa kulijua hilo kabla ya kuleta gunia ndani. Lakini kama kijiji kinataka kujaribu zao moja kati ya haya mawili, kwenye mashamba yake yenyewe, mimi ningeanza na nyonyo.

Mfano mwingine wa kilimo cha mkataba, yaani mkulima kubaki na shamba lake na kuuza zao tu, ni miwa ya Kilombero, ambako wakulima wa nje ya shamba la kiwanda wamekiuzia kiwanda miwa kwa miongo mingi na baadhi yao wamejenga na kusomesha kwa fedha hizo. Huko zao lina soko la sukari, na ethanoli hutokana na molasi inayobaki. Hata hivyo muwa ukishakatwa hauwezi kusubiri, unapoteza sukari kila siku inayopita, na mnunuzi ni mmoja. Mkulima ambaye zamu yake ya kukatiwa imechelewa hana pa kwenda. Hilo la mnunuzi mmoja lipeleke mkutanoni, maana litawahusu na ninyi.

Huenda utajiuliza kwa nini wanarudi sasa, baada ya yote hayo. Tangu mwaka 2025 Umoja wa Ulaya unawataka wasambazaji wa mafuta katika viwanja vyake vya ndege wachanganye angalau asilimia 2 ya mafuta endelevu, yaani yasiyochimbwa ardhini, na kiwango hicho kinapanda hadi asilimia 6 mwaka 2030. Kanuni zake zinayakataa mafuta ya ndege yatokanayo na mazao ya chakula. Ndiyo maana mahindi na michikichi havitajwi tena, na badala yake yanatafutwa mazao kama nyonyo. Jirani zetu wa Kenya wameona kampuni ya Eni ya Italia ikifungua kituo cha kukamulia mbegu Makueni mwaka 2022. Kanuni hizo pia zinapendelea mazao yaliyolimwa kwenye ardhi iliyochakaa isiyofaa tena kwa chakula. Kwa hiyo, dada yangu, sikiliza kwa makini kampuni inapoeleza ardhi yenu. Maneno "ardhi iliyochoka", "ardhi isiyotumika" na "pori tu" yana bei Ulaya, na yakishaandikwa katika muhtasari wa mkutano wenu na kupigwa mhuri, yatakuwa ushahidi dhidi ya mama yako siku atakaposema analitumia lile pori.

Sheria inamlinda kuliko anavyodhani. Ombi la kuhamisha eneo lisilozidi hekta 250 huamuliwa na mkutano mkuu wa kijiji wenyewe. Hekta 1,800 zinapita kiwango hicho mara saba, kwa hiyo uamuzi unakwenda kwa Waziri, lakini hata hapo Waziri anatakiwa kuyazingatia mapendekezo ya mkutano mkuu. Ardhi haipaswi kuhamishwa kabla ya kukubaliana aina ya fidia, kiasi chake, namna na wakati wa kulipwa. Baada ya misukosuko ya wimbi lile la kwanza la makampuni, Serikali ilisimamisha maombi mapya mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatoa mwongozo wa nishati ya mimea ulioweka ukomo wa hekta 20,000 kwa mwekezaji mmoja. Vilevile Sheria ya Ardhi ya Vijiji inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, na mama yako anaweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake mwenyewe kwa zile eka sita, zikiwemo zilizolazwa. Kama kijiji hakina mpango wa matumizi ya ardhi, huo ndio wa kudai kwanza, kwa sababu ndani yake pori la kuni, vyanzo vya maji na mashamba ya kupumzisha huandikwa kwa majina na kuchorwa kwenye ramani, na hakuna tena atakayeyaita matupu.

Kaka zako usigombane nao. Waombe waiulize kampuni, mbele ya wote na jibu liandikwe, ni ajira ngapi zitakuwepo mwaka wa tano na si mwaka wa kwanza, nani atamiliki hati kampuni ikiuzwa, na kwa nini isianze kwa kununua nyonyo kutoka kwa wanakijiji kwa misimu miwili kabla ya kuomba hata hekta moja. Kampuni yenye nia ya kweli ya mbegu itakuwa na jibu kwa swali hilo la mwisho. Kisima na zahanati msiviweke katika mizani ileile na ardhi: ni huduma ambazo kijiji kina haki ya kuzidai halmashauri ya wilaya hata kama hakuna mwekezaji.

Kwa mama yako, ningemshauri asingoje kusimama mkutanoni na kutafuta maneno mbele ya wageni. Ukifika nyumbani, mwombe achague asubuhi moja, awaite wenzake watatu au wanne wanaolijua lile pori, nanyi mlitembee lote pamoja. Wewe chukua daftari. Andika kila wanachokichuma, mahali kilipo, mwezi gani na kwa ajili ya nini: ukindu, uyoga, ming'oko, kuni, dawa, maji ya Oktoba. Andika pia jina la kila anayelaza shamba humo na mwaka alioliacha. Wakisha kutia saini au dole gumba, mkabidhini mtendaji wa kijiji nakala kabla ya siku ya mkutano, mwombeni aipige mhuri wa kupokelewa, na moja ibaki kwenye sanduku la mama.